Kuficha Maradhi: Ni Stara au ni Khiyana?



Tumepata barua kutoka Nakuru, kwa ndugu yetu mmoja ambaye asili yake ni huku kwetu pwani, na sasa ni miaka mingi anakaa bara akifanya biashara ya mbuzi na kondoo. Hununua Mogotio na Marigat, akawalisha kwa muda upande wa Gilgil, kisha akawauza Nakuru mjini. Na wengine huteremshwa mpaka Mombasa unapokaribia mwezi wa kuchinja. Barua yake tumeisoma katika darasa letu mara mbili, na mara zote mbili tulikhitalifiana. Kwa hivyo tumeona yatupasa kuijibu hapa mbele ya wasomaji wetu, kwa ruhusa yake mwenyewe, maana aliloliuliza si lake peke yake.

Asema kuwa baada ya mvua nyingi kondoo wake saba walitupa mimba katika muda wa juma moja, na wana-kondoo waliokuwa wamekwisha kuzaliwa wakafa mmoja baada ya mmoja. Kijana wake mchungaji, aliyekuwa akiwazalisha kwa mikono mitupu, alishikwa na homa kwa siku nne, na maumivu ya viungo na ya macho, kisha akapona. Ndugu yetu hakumwambia mtu. Kondoo waliobaki, ambao kwa kuwatazama walikuwa wazima, aliwauza kwa mfanyabiashara mwenziwe kwa bei nzuri, na kijana akamwonya asifungue mdomo. Sasa moyo haumpi raha, naye auliza: “Je, nimekosa? Mwenyezi Mungu si apenda stara? Tena sikumdanganya mtu. Nilinyamaza tu.”

Nilinyamaza tu. Katika maneno haya mawili ndimo lilimo suala lote.

Kabla ya kumhukumu mtu yapasa kujua jambo lenyewe ni nini. Hatuwezi kusema kwa yakini ni maradhi gani yaliyowapata kondoo wake, kwani hakuna aliyewapima. Na hilo nalo ni katika matunda ya kunyamaza. Lakini dalili alizozitaja zafanana sana na za maradhi yaliyojulikana kwa mara ya kwanza papo hapo jirani na kwake. Katika mwaka 1930, katika shamba moja karibu na ziwa la Naivasha, wana-kondoo walianza kufa ghafula na mama zao kutupa mimba. Katika majuma manne walikufa kondoo wapatao 4,700, wakubwa kwa wadogo. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, Daubney na Hudson, pamoja na daktari Garnham, walilichunguza jambo hilo, na katika mwaka 1931 wakatangaza kuwa ni maradhi ambayo hayakuwa yamepata kuandikwa popote, yaletwayo na virusi. Wachungaji waliokuwa wakiwashika kondoo wagonjwa nao karibu wote walipata homa. Kondoo walipohamishwa kupelekwa kwenye miinuko, mauti yakakoma, na kwa hilo mbu akashukiwa. Na kweli ndiye. Mayai ya aina fulani ya mbu huweza kukaa miaka katika udongo mkavu wa mabondeni yakiwa na virusi ndani yake, na mvua kubwa ikiyajaza maji mabonde hayo, mbu huanguliwa na maradhi yakaanza upya. Ndiyo yaitwayo mpaka leo Homa ya Bonde la Ufa.

Wala si maradhi ya Bonde la Ufa peke yake. Katika mwaka 2000 yalivuka bahari yakazuka Jizan katika Saudi Arabia, na Yemen. Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya Afrika. Mwisho wa mwaka 2006 yalizuka Garissa, yakafika Tana River na Kilifi, na yakafika Baringo pia, na katika Kenya wakafa watu zaidi ya 150. Wasomaji wetu wengi watakumbuka kuwa Idi ya kuchinja ya mwaka ule iliangukia siku za mwisho za Desemba, na nyama ilivyokuwa ikitazamwa kwa khofu. Binadamu huyapata kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa, au mimba iliyotupwa, au kwa kunywa maziwa mabichi. Walio wengi huugua siku chache wakapona, kama alivyopona yule kijana. Wachache hupofuka, au hupatwa na maradhi ya ubongo, au hutokwa na damu wakafa. Haijathibiti kuwa mtu humwambukiza mtu mwenziwe. Na neno hili twaomba likumbukwe, kwani tutalirejea.

Sasa turejee kwenye suala. Katika darasa yetu yumo mmoja wetu afundishaye ilimu ya viumbe katika skuli ya sekondari. Alipoona mjadala umekuwa mrefu, huyu akisema stara na yule akisema khiyana, akaomba ruhusa atueleze namna mwili wenyewe unavyofanya unapoingiliwa na virusi. Wengine walinung'unika kuwa hayo si ya darasa ya dini. Alipomaliza hakuna aliyenung'unika, nasi twaeleza hapa kwa kifupi yale tuliyoyafahamu.

Katika damu mna askari waitwao seli za T. Herufi hiyo imetokana na thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo kazi yake haikufahamika mpaka Jacques Miller alipoidhihirisha katika mwaka 1961. Huko ndiko askari hawa wanakofunzwa, na mafunzo yenyewe ni makali: yule asiyeweza kusoma alama za mwili wake hufa, na yule aonekanaye kuushambulia mwili wake mwenyewe aghlabu huuawa kabla ya kutoka. Walio wengi sana hawatoki. Na hao wachache watokao, kila mmoja amezaliwa na ufunguo wa namna yake, wa kumtambua adui mmoja ambaye pengine hatakutana naye maisha yake yote. Kwa adui yeyote utakayemtaja, mwenye ufunguo wake huenda akawa mmoja tu katika laki moja, au hata katika milioni.

Je, askari huyu mmoja atajuaje kuwa virusi vimeingia katika ini? Virusi havikai wazi. Vyaingia ndani ya seli, vikajifungia humo, na vikaitumia seli ile kama kiwanda cha kuzaliana. Hapa ndipo tulipostaajabu. Kila seli ya mwili, isipokuwa chembe nyekundu za damu na mfano wake, daima huchukua vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake na kuvitoa juu ya ngozi yake ili vionekane. Seli nzima hufanya hivyo, na seli iliyoingiliwa hufanya hivyo. Nzima huonyesha vitu vya nyumbani. Iliyoingiliwa huonyesha pamoja navyo vipande vya adui. Basi seli yenyewe hujishuhudia nafsi yake kuwa ndani yangu mna maradhi, na malipo ya ushahidi huo ni kuuawa. Doherty na Zinkernagel waligundua katika mwaka 1974, huko Canberra, kuwa askari wa T hamtambui adui peke yake. Sharti amwone amewekwa juu ya alama ya mwenye nyumba. Kwa ugunduzi huo walipewa tunzo ya Nobel mwaka 1996.

Lakini ushahidi wa seli mgonjwa peke yake hautoshi kumwamsha askari ambaye hajapata kupigana. Askari hao wachanga hawatembei katika ini wala katika mapafu. Hukaa na kupita katika zile tezi ambazo zikivimba kinenani watu husema fulani ana mtoki, na mfano wake ziko shingoni, kwapani na tumboni. Lazima awepo wa kuwapelekea habari, na wajumbe hao ni seli zenye matawi kama mti, ambazo Ralph Steinman alizieleza katika mwaka 1973. (Miaka mingi wataalamu wenziwe hawakumkubali. Tunzo ya Nobel alipewa mwaka 2011, na waliomchagua hawakujua kuwa amekufa siku tatu nyuma.) Mjumbe hulichukua pande la adui pale lilipopatikana, akasafiri mpaka kwenye tezi, akalionyesha kwa askari wapitao, maelfu kwa maelfu, mpaka apatikane yule mwenye ufunguo wake.

Na akipatikana, haondoki mara moja. Ataka shahidi wa pili. Pande la adui ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni alama nyingine ambayo mjumbe huitoa tu ikiwa huko alikotoka alisikia king'ora cha madhara. Askari akimwona shahidi wa kwanza bila ya wa pili, haamki. Bali hupigwa ganzi, na pengine hataamka tena hata akija kuitwa kwa haki. Wakikutana mashahidi wote wawili, ndipo aanzapo kuzaliana: mmoja huwa wawili, wawili wanne, kila baada ya saa chache, mpaka katika muda wa kama juma moja wamekuwa maelfu na maelfu. Wengine huwa wasaidizi wanaowapa nguvu wenzao na kuamrisha dawa za damu zitengenezwe. Wengine huwa wauaji, ambao huziendea seli zilizoingiliwa, wakasoma ushahidi wake, wakazitoboa na kuziua pamoja na virusi vilivyomo. Vita vikiisha, askari walio wengi hufa. Wachache hubaki na kumbukumbu, na adui yule yule akirudi hawamngojei juma zima.

Hapa mwalimu wetu akatueleza jambo lililotunyamazisha wote. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vina protini moja ambayo kazi yake kubwa ni kukizima king'ora. Seli ikiingiliwa hutaka kupiga mbiu kwa kutoa dawa iitwayo intaferoni, ambayo huwaonya majirani, huzifanya seli zioneshe ushahidi wake kwa wingi zaidi, na humpa mjumbe ile alama ya pili. Virusi hivi huizuia seli isipige mbiu. Havina silaha kubwa kuliko hiyo. Na dalili yake ni kuwa imepatikana aina moja ya virusi hivi hivi, iliyotoka kwa mgonjwa mmoja wa Jamhuri ya Afrika ya Kati katika miaka ya 1970, ambayo sehemu kubwa ya protini hiyo imepotea. Imebaki na kila kitu isipokuwa uwezo wa kunyamazisha. Basi aina hiyo haikuweza kuua panya kama zinavyoua nyingine; mwili huisikia, huitambua na kuishinda. Nayo imefanywa chanjo ya mifugo.

Fikirini, ndugu zetu. Virusi ni vile vile. Kilichotofautisha mauti na kinga ni kunyamaza tu.

Twajua kuwa wako watakaotuambia hapa kuwa yote haya yamo katika Qur'ani, na watatafuta aya ya kuthibitisha. Sisi hatuipendi njia hiyo. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakikuteremshwa kiwe nyongeza ya vitabu vya tiba, na kila asemaye leo kuwa aya fulani ilikuwa ikikusudia seli fulani, kesho tiba ikibadilika ataibadilisha aya. Qur'ani imetueleza kuwa siku ya Kiyama mikono itasema na miguu itashuhudia, na hiyo ni khabari ya Akhera; tumeikumbuka tu tuliposikia habari ya seli, kama mtu akumbukavyo. Wala hatusemi kuwa kwa kuwa seli yafanya hivi basi mtu naye ni wajibu kufanya hivi. Seli haina khiyari. Haina nia, haina thawabu wala dhambi. Yashuhudia kama jiwe lianguavyo. Mwanadamu ndiye aliyepewa khiyari ya kusema na kunyamaza, na kwa ajili ya khiyari hiyo kunyamaza kwake kukawa ni tendo, na kukaandikwa. Habari ya seli imetufaa kwa jambo moja tu: imetuonyesha kunyamaza kunafanya nini. Hukumu yake tutaitafuta kwingine.

Na hukumu yake haiko mbali. Mtume s.a.w. amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa mwenye ngamia wazima. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, nayo ni juu ya mifugo hasa, kana kwamba imesemwa kwa ajili ya ndugu yetu wa Nakuru. Alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akaukuta umajimaji chini yake, alimlaumu mwenye nafaka kwa kuuficha chini watu wasiuone, akamtoa mwenye kughushi katika jamaa yake. Yule mwenye nafaka naye hakusema uwongo; alinyamaza tu, na mvua ndiyo iliyolowesha, si yeye. Ama ushahidi, Qur'ani imemwita mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Haikusema ulimi, kwani ulimi wake haukutenda kitu, imesema moyo.

Lakini je, stara? Hapana shaka kuwa kumsitiri Muislamu ni katika mambo makubwa, na mwenye kumsitiri mwenziwe Mwenyezi Mungu humsitiri. Sisi watu wa pwani twaijua stara kuliko tujuavyo mambo mengi, na wakati mwingine twaitumia mahali pasipokuwa pake. Maulamaa wamelipambanua jambo hili zamani. Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihina, na kabla yake Ghazali katika Ihyaa, wameyataja yale ambayo ndani yake yafaa kutaja aibu ya mtu nyuma yake, na miongoni mwayo ni kuwaonya Waislamu na madhara. Stara ni ya aibu iliyopita, ambayo kuitangaza hakumwokoi mtu na kuificha hakumdhuru mtu. Ama lile ambalo bado laendelea, na likifichwa litampata mwingine, hilo halina stara. Mtu aliyeficha ufa wa jahazi kwa kumstahi fundi amewazamisha abiria; hatuna jina la stara kwa kitendo hicho.

Wala asiseme mtu kuwa kupeleka habari kwa daktari wa mifugo ni kutotawakali. Sayyidna Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuwa tauni imeingia, alishauriana na masahaba kisha akarudi. Na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari moja kuiendea nyingine. Mmoja wetu alikuwa akisema kuwa Mungu ametupa mwilini jeshi la kututosha, basi chanjo ya nini? Tukamkumbusha kuwa jeshi hilo lataka juma moja kujipanga, na mwana-kondoo mchanga apatwaye na homa hii huweza kufa katika siku moja au mbili. Chanjo haifanyi kazi ila kwa kupitia jeshi hilo hilo: humpa mjumbe habari ya adui mapema, kwa amani, ili kumbukumbu iwepo kabla ya vita. Chanjo ya mifugo ipo. Ya binadamu bado haijaruhusiwa kwa watu wote, na wataalamu walioko kwetu Kilifi wamo miongoni mwa wanaoitafuta.

Mpaka hapa tulikuwa tumekwisha kukubaliana, na jawabu ilikuwa tayari: umekosa, tubu, ukamwambie uliyemwuzia. Ndipo mzee mmoja wa darasa, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza: “Na angesema, mngemfanya nini?”

Swali hili limetuchukua usiku kucha, nasi hatuoni haya kulieleza. Sheria ya nchi yamtaka mwenye mnyama aarifu. Akiarifu, wanyama wake huwekwa karantini, soko humfungia mlango, na deni alilonunulia mifugo halimngojei. Habari zikienea mjini, watu wataikimbia nyama yake mwaka mzima, hata ya wale wazima, na kijana wake atakwepwa msikitini kana kwamba yeye ndiye maradhi, ilhali tumesema kuwa homa hii haijathibiti kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Twayajua haya kwa kuwa tumeyafanya. Katika mwaka 2020, jirani yetu mmoja mwenye duka alipata korona. Hakuficha; alifunga duka mwenyewe na akawatumia wateja wake habari ili wakajipime. Alipopona akafungua, nasi tulikuwa tukilipita duka lake kwenda kununua la mbele. Miezi tulifanya hivyo. Yeye alitushuhudia, nasi tukamwadhibu kwa ushahidi wake. Na nyumba nyingine zilizoona hayo, homa ilipoingia kwao, walifunga madirisha wakasema ni mafua. Nani aliyewafundisha kunyamaza?

Na kosa jingine letu ni la upande wa pili. Mwili hauamki kwa shahidi mmoja. Sisi twaamka kwa neno la baraza ya kahawa na kwa ujumbe wa simu usiojulikana umetoka wapi. Qur'ani yatuamrisha tukijiwa na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Habari ya maradhi haipelekwi kila mahali. Mjumbe wa mwili haitangazi katika kila mshipa wa damu. Aipeleka kwenye tezi, kwa wale ambao ni kazi yao. Kadhalika habari ya kondoo wa ndugu yetu ilikuwa na watu wake: daktari wa mifugo, mnunuzi, na tabibu wa yule kijana. Haikuwa haki ya mji mzima. Kama sisi watu wa mji tungeijua mipaka hiyo, huenda yeye naye angejua kuwa kusema si sawa na kuvuliwa nguo.

Ametupigia mfano Mtume s.a.w. kuwa waumini ni kama mwili mmoja. Kiungo kimoja kikiugua, mwili uliobakia hushirikiana nacho kwa kukesha na kwa homa. Mfano huu tumeusikia katika khutuba mpaka umekuwa kama maneno ya kuanzia mazungumzo. Lakini utazameni tena. Haukusema kuwa viungo vingine humwonea huruma mgonjwa. Umesema hukesha naye, na hushikwa na homa pamoja naye; yaani khasara yake huingia ndani yao. Tukimtaka mtu aje ashuhudie juu ya mali yake kuwa ina maradhi, kisha tukamwacha akafilisika peke yake, basi sisi twautaka ushahidi wa seli ilhali hatutaki homa ya mwili.

Je, hilo lampunguzia yeye dhambi? Hapa hatukukubaliana, na hatukubaliani mpaka sasa. Wengine wetu wasema kuwa khofu ya kufilisika ni udhuru kidogo, kama njaa ilivyo udhuru kidogo kwa mwizi. Sisi tulioandika haya twaona kuwa wajibu wake haukupungua kwa ajili ya upungufu wetu. Aliyenunua kondoo wake hakumtendea ubaya wowote, wala yule kijana aliyezalisha kwa mikono mitupu kwa mshahara mdogo. Lakini laumu yote hatuwezi kumtwika, na sehemu yetu tumeiandika hapa ili ijulikane.

Tulimjibu kwa barua kuwa amwendee mnunuzi ampe habari kamili, na akitaka kurudisha kondoo apokee na arudishe fedha. Amchukue kijana akapimwe macho, kwani homa hii huweza kuyadhuru baadaye. Na amwite daktari wa mifugo kabla ya mvua nyingine, ingawa wanyama wengine hawapo tena. Pamoja na barua hiyo tulimwambia kuwa khasara ya kurudisha fedha haitakuwa yake peke yake. Katika darasa letu tulichanga tulichojaaliwa. Si kitu kikubwa, na wengine walitoa huku wakiguna.

Ametujibu juzi. Mnunuzi alimkuta Marigat, akamweleza yote mlangoni kabla hajakaa, akingojea kutukanwa. Mnunuzi hakumtukana. Alikaa kimya muda, kisha akamwambia kuwa katika kondoo wale walikwisha kutupa mimba watatu, na mbuzi wake mwenyewe wawili, naye alidhani msiba huo umemfika yeye peke yake, na hakuwa amemwambia mtu. Daktari wa mifugo amekwisha kuja kuchukua damu za wanyama. Majibu bado hayajatoka.